Mguu Unataka Maji, Kifua Kinataka Hewa

Dada yangu alikuwa na mguu mmoja uliomsikiliza na mwingine uliokuwa na mambo yake. Ule wa kushoto ulibaki mwembamba baada ya polio kupita nyumbani kwetu Kawangware, wakati alipokuwa bado anajifunza kusimama kwa kushika stuli. Ugonjwa haukumlaza maisha yake yote, kama jirani mmoja alivyotabiri kwa sauti ya huruma. Ulimwachia mguu wa kuburuta na chuma cha kufungwa kwa mikanda ya ngozi, kuanzia pajani hadi kwenye kiatu. Chuma hicho kililia alipotembea, kwa hiyo tulijua anakuja kabla hajafika mlangoni.

Mama alimwita "mama". Dada yangu alipewa jina la nyanya mzaa mama, na kwetu anayerithi jina hurithi na heshima yake. Nilikua nikimsikia mama akimbembeleza mtoto wake kama mtu anayembembeleza mzazi wake: "Mama, kaza goti. Mama, jaribu tena kidogo." Na dada yangu, akiwa na umri wa kucheza na vibuyu, alijibu kwa kiburi cha kizee kwamba amechoka na anataka chai.

Baba alikuwa mtu wa Kawangware tangu kabla Kawangware haijawa na vyumba vya kupanga. Alizaliwa pale, akalima pale, akafuga ng'ombe pale. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyeangalia josho la ng'ombe la kijiji, lile handaki la saruji lililojaa maji ya dawa, ambamo ng'ombe walisukumwa mmoja mmoja, wakazama hadi kwenye pembe, wakatoka upande wa pili wakipiga chafya na kudondosha kupe. Aliipenda kazi hiyo kuliko kazi nyingine yoyote. Kijiji kilipojaa wageni waliotafuta pa kulala karibu na kazi za mjini, akajenga safu mbili za vyumba vya mabati na kuwa mwenye ploti, lakini hata hapo wazee wenzake waliendelea kumwita mtu wa dipu, yaani wa josho, naye aliitika akitabasamu.

Miaka michache baada ya uhuru, ng'ambo ya kijito kilichotutenganisha na watu wa lami, matajiri wenye barabara nzuri, mzungu mmoja aliamua kurudi kwao na kuuza nyumba yake. Baba aliinunua kwa ng'ombe wake karibu wote, kipande cha shamba, na usingizi wake wa muda mrefu. Tukavuka kijito na vitanda vyetu kichwani. Kutoka kwenye veranda mpya tuliona mabati ya vyumba vyetu wenyewe yakimetameta upande wa pili, karibu kiasi kwamba mama aliweza kumtambua mpangaji wake kwa rangi ya kitambaa.

Nyuma ya jikoni kulikuwa na bwawa la kuogelea.

Halikuwa kubwa kama yale ya hoteli. Lilikuwa tangi la saruji lililochimbwa ardhini na kupakwa rangi ya buluu, sakafu yake sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, na kina chake, likijaa, kilimfika baba kifuani. Upande mmoja palikuwa na ngazi pana, na chini kabisa, kwenye kona, palikuwa na tundu la kutolea maji lililofungwa kwa koki ya shaba. Tulilikuta limejaa maji ya kijani na vyura walioimba kama kwaya isiyo na mwalimu. Baba alilizunguka, akalipima kwa hatua, akasema litajazwa udongo na kupandwa kabichi.

Aliyeliokoa bwawa lile alikuwa mwuguzi wa kliniki ambako mama alimpeleka dada yangu kunyooshwa mguu. Mwuguzi yule alikuwa na mikono mikubwa, na hakupenda kusema sana. Siku moja akimkanda dada yangu, alisema, karibu kwa kujisemea, kwamba mguu kama huo ungepona haraka zaidi kama mtoto angekuwa na mahali pa kutembea ndani ya maji, kwa kuwa maji humbeba mtu na kumwachia mguu kazi kidogo tu, kazi unayoiweza. "Lakini wapi?" alisema. "Nairobi haina ziwa."

Mama alirudi nyumbani mbio mbio hata akasahau mwavuli wake kliniki. Kabichi ikasahauliwa kabla haijapandwa.

Shida ilikuwa moja. Katika ukoo wetu mzima hakukuwa na mtu aliyejua kuogelea. Sisi ni watu wa mlimani. Maji kwetu ni kitu cha kuchota, kupikia na kuogopa. Mama akamkumbuka mwanamke mmoja aliyetuuzia omena, dagaa wa ziwani, Mjaluo aliyekaa Kisumu Ndogo kule Kibera, aliyekuja kwa wapangaji wetu na karai kichwani, akiimba bei yake tangu njiani. Alizaliwa kando ya ziwa. Mama alimleta hadi bwawani na kumweleza habari za mguu. Mama wa omena alicheka, akavua viatu palepale.

"Maji hii ndogo hivi?" alisema, akilitazama bwawa. "Kwetu hapa tunanawa tu uso." Halafu akamtazama dada yangu, na kicheko kikaisha. "Njoo, nyathina. Mtoto wangu, njoo. Wewe utanifundisha kutembea na chuma, mimi nikufundishe kutembea bila."

Sasa nieleze habari ya dawa, maana hapo ndipo mambo yalipogeukia.

Hospitalini, siku zile za mwanzo, baba na mama waliambiwa kwamba polio huweza kuingia kwa maji machafu. Mama alisikia, akalia, akaendelea na maisha. Baba alisikia na hakulia. Maneno yale yalimkaa mahali fulani na hayakutoka tena. Tangu siku hiyo kila tone la maji nyumbani kwetu lilichemshwa hadi likachoka. Kwa hiyo wazo la kumwingiza mtoto yuleyule katika tangi la maji yaliyolala lilimtisha kuliko alivyokubali kusema. Aliwafukuza vyura, akayatoa maji ya kijani, akasugua kuta kwa brashi ya ng'ombe mpaka rangi ya buluu ikaanza kubanduka. Halafu akafungua kibanda ambacho mzungu alikiacha na makopo ya klorini ya unga. Karatasi za maagizo zilizobandikwa juu yake zilikuwa zimeliwa na kutu ya makopo. Baba alifungua kifuniko, akanusa, na macho yake yakang'aa kwa machozi na kwa furaha.

"Hii naijua," alisema.

Alimaanisha kwamba anaijua kazi. Mtu wa josho ana sheria zake, na baba alizijua kama wengine wanavyojua sala. Kila ng'ombe anapotoka joshoni huondoka na dawa kwenye manyoya yake, kwa hiyo kila baada ya kundi kupita lazima dawa iongezwe, na iongezwe kali kuliko ile ya kwanza. Mvua ikinyesha, ongeza. Na josho lisilouma pua ni maji tu, kupe watalitumia kuogea. Hivyo ndivyo alivyolitunza bwawa la dada yangu. Kila jioni, baada ya mtoto kutoka, alikuja na debe na kijiti chake kirefu, akamimina, akakoroga, akainama kunusa. Lisipomtoa chozi, aliongeza.

Majuma ya kwanza yalikuwa ya furaha kubwa. Mama wa omena alimaliza biashara yake mapema siku alizokuja kwetu, akaingia majini na gauni lake la zamani, akamshika dada yangu kiunoni. Na ndani ya maji dada yangu hakuwa na chuma, hakuwa na kelele, hakuwa na mguu wenye mambo yake. Nilikaa ukingoni na taulo mapajani nikamtazama akipita kama mtu aliyepewa mwili mwingine. Sijui kama nimewahi kuona tena uso wa mtu ukiwa wazi namna ile. Alitembea kutoka ukuta hadi ukuta, maji yakiwa kidevuni, akihesabu kwa sauti na kukosea kwa makusudi ili asiambiwe imetosha.

"Nyathina, umerudia hiyo," mama wa omena alimwambia.

"Sijarudia. Ni wewe hujui kuhesabu, unajua omena tu."

"Omena nayo nahesabu. Kila moja. Na jina naipa."

Halafu gauni likaanza kufa.

Mama alimshonea dada yangu gauni la kuogelea kwa kitambaa cha pazia, buluu iliyokolea kama wino. Aliliona siku moja kwenye kamba ya nguo na akadhani limepigwa na jua. Juma lililofuata gauni lilikuwa la rangi ya majivu. Lililofuata, mama alipolikamua, pindo lilibaki mkononi mwake kama karatasi iliyolowa. Alisimama nalo pale uani muda mrefu. Vyura wachache waliojaribu kurudi walielea asubuhi matumbo juu, na baba alipowatoa kwa koleo alisema kwa kuridhika kwamba dawa inafanya kazi.

"Baba watoto," mama alimwambia, "vyura si kupe."

"Chochote kinachokufa humo hakitamfikia mtoto."

"Na mtoto akiwa humo?"

Baba alikuwa ameshainama kunusa.

Baada ya gauni ndipo kikohozi kikaja. Kilianza kama mzaha, kikohozi kidogo cha mtu aliyemeza maji, kisha kikawa kikimfuata dada yangu hadi mezani. Macho yake yaliwaka mekundu kila alipotoka. Akaanza kupumua kwa mluzi mwembamba kifuani, mluzi niliousikia nikiwa nimelala naye kitanda kimoja, na mara nyingi niliweka mkono mgongoni kwake kuuhisi. Yeye mwenyewe alikataa katakata kwamba ana shida. Alijificha chooni kukohoa. Alijua vizuri kitu kitakachosemwa.

Mama alimpeleka kliniki. Nilikwenda nao. Mwuguzi wa mikono mikubwa aliushika mguu kwanza, akaukunja na kuunyoosha, akausukuma na kumwambia dada yangu amsukume naye, na dada yangu akamsukuma hadi mwuguzi akarudi nyuma hatua moja. Alicheka kwa mshangao. Kisha akaweka sikio kifuani, na kicheko kikaondoka.

"Mnaweka nini ndani ya hayo maji?"

Mama alisema klorini. Aliulizwa kiasi gani, akasema baba ndiye anayejua. Aliulizwa baba anapima na nini. Mama alitazama chini, akasema, "Na pua."

Mwuguzi akasema maneno ambayo mama aliyarudia njiani kote hadi kijitoni, kama mtu aliyetumwa ujumbe na anaogopa kuusahau. "Mambo ya mabwawa siyajui, mama, nisikudanganye. Dawa hiyo kidogo inaua wadudu na mtu haimdhuru. Ikizidi, hata mtu mzima itamkaba. Mimi naona tu huyu mtoto. Mguu unataka maji, kifua kinataka hewa. Msimnyime kimoja kwa ajili ya kingine kabla hamjafikiri."

Tulifikiri jioni ile kwenye veranda. Mama wa omena alikuwepo, karai lake tupu likiwa limeegemezwa ukutani. Dada yangu alikaa sakafuni, chuma chake kikiwa kimenyooka mbele, akitutazama mmoja mmoja kama mshtakiwa anayetafuta hakimu mwenye huruma.

Mama alisema bwawa lipumzishwe hadi kifua kitulie. Baba alisema kifua kimepatwa na baridi, tulikuwa katika mwezi wa ukungu, na watoto wote wa Kawangware walikuwa wakikohoa, hata wasio na bwawa. Jambo hilo lilikuwa kweli, na mama hakulipinga. Mama wa omena alisema kwao watoto wanashinda ziwani na hakuna anayetia dawa ndani ya ziwa.

"Na kichocho je?" baba alimrukia. "Na kipindupindu? Hivyo havitoki kwenye maji yenu?"

"Vinatoka," mama wa omena alikubali. "Mimi mwenyewe nilikojoa damu nikiwa msichana. Sisemi ziwa ni malaika, mzee. Nasema tu hii yako inauma. Mimi nikienda nyumbani, mzee wangu ananiuliza nimelizwa na nani."

"Maji yasiyouma ndiyo yaliyomchukua mguu."

Neno hilo baba hakuwahi kulisema mbele yetu. Mama alinyoosha mkono amguse goti, lakini baba alikwishasimama.

"Mnasema inauma," alisema. "Sawa. Miaka yote nimetia dawa, sijamwona ng'ombe akirudi kunilalamikia. Nitaingia mwenyewe."

Nyumba nzima tulimfuata nyuma ya jikoni. Mtu wa josho haingii joshoni. Yeye husimama ukingoni na kijiti. Tangu tuhamie pale, baba hakuwahi kutia hata kidole cha mguu katika yale maji aliyoyatunza kwa upendo namna ile, na nadhani nusu ya sababu ilikuwa woga wa mtu wa mlimani. Alivua koti na viatu. Hakuvua shati wala kofia. Dawa ya jioni alikuwa ameshaimimina kabla hatujakaa kuzungumza, na harufu yake ilisimama juu ya maji kama mtu. Alishuka ngazi akishika ukuta, na kila ngazi alivuta pumzi kwa kelele, mpaka maji yakamfika kifuani.

"Mnaona?" alisema.

"Mtoto anaingiza na uso, mzee," mama wa omena alimwambia kwa upole. "Tunafanya kuzama."

Baba alimtazama binti yake. Dada yangu aliyekuwa amesimama ukingoni, chuma chake kikigonga saruji, alitikisa kichwa kumkataza. Baba akavua kofia, akaiweka ukingoni, akafumba mdomo, akazama.

Alikaa chini muda mfupi tu. Aliporuka juu, alitoka kama ng'ombe wake walivyokuwa wakitoka, kichwa kimerushwa nyuma, pua ikifoka, macho yamefumbwa. Alijaribu kusema na akakohoa. Alikohoa akipanda ngazi, akakohoa akiwa ameinama kwenye nyasi, mikono kwenye magoti. Mama alimmwagia maji ya mtungi usoni, mara kwa mara, huku akimshika kichwa kwa nyuma kama anavyoshikwa mtoto anayenyolewa. Mama wa omena aliuma ncha ya kitambaa chake ili asicheke, akashindwa.

"Pole, mzee," alisema. "Pole kabisa. Lakini kupe wote wamekwisha."

Hata mama alicheka. Baba hakucheka. Alikaa kwenye nyasi, shati limegandana na mwili, macho mekundu kama ya dada yangu, na mluzi uleule, mluzi niliokuwa nikiuhisi kitandani chini ya mkono wangu, ukatoka kifuani mwake. Nina hakika aliusikia. Alitulia akiusikiliza. Dada yangu alijikokota hadi alipokuwa, akakaa karibu naye.

"Inapita," alimwambia kwa sauti ya mzoefu. "Usivute kwa nguvu. Vuta kidogo kidogo, inapita."

Ndipo baba akafunika uso kwa viganja. Alipoviondoa, alisema neno moja tu, "Fungueni," na mama akainama ukingoni na mpini wa jembe kugeuza koki ya shaba.

Bwawa lilikaa tupu kwa majuma kadhaa. Kikohozi kiliisha pole pole, na mluzi ukaondoka. Lakini mguu nao ulirudi kwenye mambo yake. Tuliuona ukisahau, juma baada ya juma, na kelele ya chuma kwenye sakafu ikawa nzito tena. Dada yangu hakulalamika. Alishuka kukaa ndani ya bwawa lililokauka, peke yake, akichora kwa makaa ukutani mstari wa pale maji yalipokuwa yakifika.

Aliyepata njia ni mama, na aliipata siku moja akitazama vyumba vyetu ng'ambo ya kijito. Juma lile bomba la ploti lilikuwa halitoi kitu, na wanawake wa vyumbani walipita na nguo chafu vichwani kuelekea kijitoni, ambako maji yalikuwa yameshaanza kunuka. Mama aliwatazama, akatazama bwawa. Jioni alimweleza baba. Bwawa lisijazwe hadi juu. Litiwe maji ya bomba, yaleyale tunayokunywa, yamfike mtoto kifuani tu. Dawa isitiwe hata chembe. Dada yangu na mama wa omena tu ndio waingie, wakiwa wameoga kwanza kwa sabuni. Na kabla maji hayajachoka, kila Jumamosi, yatolewe yote, sakafu isuguliwe, yaanze mapya.

"Maji yote hayo yamwagwe?" baba aliuliza.

"Nani amesema yamwagwe? Wapangaji wako watafulia."

Baba alisema majirani wa lami watatuona washenzi. Mama alisema watatuona safi. Baba alitembea hadi bwawani na kurudi. Halafu akauliza swali ambalo nadhani ndilo pekee lililokuwa moyoni mwake: "Na kama kuna kitu ndani ya hayo maji?"

"Hata kwenye kikombe kinaweza kuwepo," mama alijibu. "Kinachohitaji muda wa kuota tusikipe muda. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi, baba watoto. Hakuna atakayekuahidi."

Baba alifikiri siku mbili tatu. Kisha tukamwona na brashi ya ng'ombe mkononi.

Hivyo Jumamosi zetu zikabadilika. Wanawake wa ploti walivuka kijito na makarai, madebe, sabuni za kipande na watoto wa mgongoni, wakaketi kwenye nyasi zilizokatwa na mzungu kwa mkasi, wakafua na kusemana. Koki ilifunguliwa kidogo, maji mengine yakaenda kwenye nyasi za ng'ombe, mengine yakachotwa. Na dada yangu alikataa kutoka. Alisema maji ni yake hadi yaishe.

Hapo ndipo tulipogundua kitu ambacho hakuna aliyekipanga. Maji yaliposhuka kutoka kifuani hadi kiunoni, mzigo ulirudi mguuni kidogo kidogo, bila ghafla. Jumamosi za kwanza alianguka yalipofika mapajani, akaketi ndani yake akicheka, na mama wa omena akamtoa. Baadaye alianguka yalipofika magotini. Wanawake wakaanza kumfuatilia kama watu wanaofuatilia mpira.

"Leo atafika wapi?"

"Leo anamaliza. Mimi nimeona miguu yake, leo anamaliza."

"Wewe chota pole pole basi! Unamwibia maji mtoto wa watu!"

Jumamosi ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa na jua jembamba la baada ya ukungu. Maji yalikuwa yamefika chini ya magoti yake na bado alisimama. Mama wa omena alimwachia kiuno, akarudi nyuma, akapanda ngazi na kukaa. Wanawake waliacha kufua. Maji yakashuka hadi kwenye vifundo, yakizunguka kona ile na sauti ya kunywewa, na dada yangu katikati ya sakafu ya buluu, bila chuma, mikono imetandazwa, goti la kushoto likitetemeka kama kamba iliyovutwa.

Baba alikuwa ameshashuka. Suruali imekunjwa, brashi mkononi, amesimama mwisho wa bwawa akisubiri kusugua. Aliangusha brashi, akanyoosha mikono, akapiga hatua moja kwenda kwake.

"Usimshike," mama alisema kutoka juu. Kisha, kwa sauti nyingine, sauti ya mtoto anayemwomba mzazi: "Mama. Njoo kwa baba. Kaza goti, mama."

Alikwenda. Haukuwa mwendo mzuri, wala sasa si mzuri. Hata leo, mwanamke mzima, huchechemea na kuvaa chuma akiwa na safari ndefu. Aliuburuta mguu, akausimamisha, akaubeba kwa nyonga, akaulaani kwa Kikuyu kwa neno lililowafanya wanawake wapige kelele. Lakini alikuwa juu ya miguu yake miwili, na hewa ilipita kifuani mwake bila kuzuiwa na kitu. Alipofika alimkamata baba shati kwa mikono yote miwili.

"Maji yameisha," alimwambia.

Baba aliinama kana kwamba anatafuta brashi yake, akachota kwa kiganja maji machache yaliyobaki sakafuni, na kwa mazoea yake ya miaka mingi akayanusa. Alinusa tena. Halafu akatutazama sote kule juu, mtu wa dipu, macho yamejaa machozi ambayo safari hii dawa haikuyaleta.

"Hayanuki kitu," alisema.

Alipomaliza kusugua, mama akafunga koki, akaniambia nifungue bomba.